Kalamu za Kitui na darasa la usonji

Tafuta majina ya waliosimamia sera za elimu maalumu nchini Kenya na utaona Kitui mapema sana. Kamati ya mwaka 1964 iliyochunguza matunzo na urekebishaji wa watu wenye ulemavu iliongozwa na Eliud Ngala Mwendwa, mwana wa Chifu Mwendwa wa Kitui na waziri wa Kazi na Huduma za Jamii. Kazi yake ilizaa waraka wa serikali namba 5 wa 1968. Miongo mitatu baadaye, Tume ya Davy Koech ilipotoa ripoti yake ya 1999, waziri wa Elimu alikuwa Kalonzo Musyoka, mzaliwa wa Tseikuru. Tume hiyo ilitaka elimu maalumu iwe na bodi yake na sera yake. Sehemu kubwa ya ripoti ilibaki kabatini.

Kamati ya Mwendwa haiwezi kulaumiwa kwa kutougusa usonji. Leo Kanner alikuwa ameueleza kule Baltimore mwaka 1943, kwa kuwachunguza watoto 11, lakini kwa miaka mingi madaktari walimtwika mama lawama, eti hakumpenda mwanawe. Mwaka huohuo wa 1964, Bernard Rimland wa Marekani, ambaye mwanawe alikuwa na usonji, alichapisha kitabu cha kuipinga dhana hiyo. London, wazazi waliokuwa wameungana mwaka 1962 walifungua shule yao 1965.

Huku kwetu, shule maalumu zilianza na wamisheni: Jeshi la Wokovu lilifungua shule ya wasioona Thika mwaka 1946. Mwaka 1968 Nairobi ikapata Jacaranda, ya watoto wenye ulemavu wa akili. Mtoto mwenye usonji aliyebahatika aliingizwa katika darasa la namna hiyo, kwa jina la ulemavu mwingine. Wengi walibaki nyumbani. Vituo vya kuwapima watoto vilianza 1984 kwa msaada wa Denmark, na chuo cha KISE cha kuwafunza walimu wa elimu maalumu kikaundwa 1986.

Mwaka uliogeuza mambo ni 2003. Elimu ya msingi ilikuwa bure, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilipitishwa, na jopo la Kochung likakagua elimu maalumu. Lakini darasa lenyewe lililetwa na wazazi. Waliunda Chama cha Usonji cha Kenya, na katika City Primary, shule ya serikali pale Ngara, kukaanzishwa kitengo cha watoto wao. Kama London, mzazi alitangulia na serikali ikafuata: sera ya 2009 ndiyo iliyoutaja usonji waziwazi miongoni mwa mahitaji maalumu.

Mimi naupenda mpango wa Ngara kuliko bweni la mbali, hasa kwa mahali kama Tseikuru. Mtoto anayefadhaika ratiba yake ikibadilika hapaswi kuhamishwa kitanda, chakula na lugha kwa siku moja. Katika kitengo cha shule ya jirani husikia Kikamba cha nyumbani, na jioni anarudi kwao. (Kumtupa tu katika darasa lililofurika, lenye kelele na mwalimu asiyefunzwa, na kuliita elimu jumuishi, ni jambo jingine.) Anahitaji kona tulivu, picha za kumwonyesha shughuli inayofuata, na msaidizi.

Mtaala wa umilisi umefungua njia ya wanafunzi wanaosonga kwa hatua badala ya umri, na sera ya 2018 inataka wasome pamoja na wenzao. Tatizo la Tseikuru ni barabara na takwimu. Mzazi anayetaka huduma za mjini hushika njia ya kusini, apite Kyuso hadi Mwingi, na pengine aendelee mpaka Kitui mjini, akiwa na mtoto asiyestahimili kelele za matatu. Nayo sensa ya 2019 iliuliza kuhusu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana, lakini haikuuliza kuhusu usonji. Ofisa wa elimu wa Tseikuru akitaka kuomba mwalimu mmoja wa kitengo, itambidi kwanza apite nyumba kwa nyumba kuwahesabu watoto hao mwenyewe.