Gurudumu la Mti katika Milima ya Masisi

Mtu atokaye Burungu kwenda Goma huanza safari yake katika nchi ya juu. Vilima vingi vya Masisi vyapita mita 2,000 juu ya bahari, na majani yake ni mabichi, hata wageni waliopita huko waliyafananisha na malisho ya Uswisi. Toka Burungu barabara yaelekea Kilolirwe, yazunguka vilima, yapanda na kushuka, kisha yateremka hata Sake, karibu na ziwa Kivu, ambalo maji yake yako mita 1,460 hivi juu ya bahari. Hapo Sake njia hukutana: moja yatoka Masisi kwa kupitia Mushaki, moja yatoka Kitchanga na Burungu, na moja yafuata ziwa toka Minova. Kutoka Sake hata mji wa Goma zabaki kilomita 25 hivi.

Kwa njia hizo chakula cha mlimani hushuka mjini: viazi, maharagwe, kabichi, maziwa na jibini. Lakini chakula hakishuki chenyewe. Lazima awepo mtu wa kukichukua. Basi leo twataka kueleza habari za mtu huyo, na za chombo chake kiitwacho chukudu.

Tangu zamani mzigo wa milimani ulikuwa juu ya mwili wa binadamu. Wanawake waliubeba mgongoni, kamba ikikaza paji la uso. Wanaume waliubeba kichwani au begani. Njia za miguu zilikata kilima moja kwa moja, maana mtu wa miguu hutafuta njia fupi. Gurudumu halikujulikana huku.

Huko Ulaya nako, baisikeli haikuanza kama tuijuavyo. Mwaka 1817, katika mji wa Mannheim huko Ujerumani, bwana mmoja aitwaye Karl von Drais aliendesha chombo cha mti chenye magurudumu mawili. Hakikuwa na pedali wala cheni. Mwenyewe alisukuma ardhi kwa miguu yake. Pedali zilikuja baadaye, na mwaka 1888 John Boyd Dunlop, mganga wa wanyama aliyekaa Belfast, akatengeneza tairi la mpira lenye kujazwa upepo. Tangu hapo watu wa Ulaya na Marekani walizitamani baisikeli mno, na mpira ukatakiwa kila mahali.

Hapa yatupasa kusimama kidogo. Mpira huo ulitoka wapi? Sehemu yake ilitoka katika misitu ya Kongo, wakati nchi yetu ilipokuwa mali ya mfalme Leopold wa Pili, toka mwaka 1885 hata 1908. Watu walilazimishwa kuukusanya. Wenye kushindwa walipigwa, wakachukuliwa wake zao, wengine wakakatwa mikono, na wengi wakafa. Hivyo gurudumu lililowapa wengine raha ya kutembea liliwaletea babu zetu machozi. Hatusemi haya ili kufufua chuki. Twayasema kwa sababu mtu asiyejua mzigo ulitoka wapi hawezi kumheshimu aliyeubeba.

Chukudu yenyewe ilizaliwa katika Kivu ya Kaskazini. Wazee wengi husema ilianza kuonekana katika miaka ya 1970. Wakati huo maisha yalianza kuwa magumu, barabara ziliharibika, na mkulima hakuweza kununua baisikeli ya dukani, sembuse gari. Ndipo mafundi wa vijijini wakachukua panga, tezo na misumari, wakaunda chombo chao wenyewe.

Tazama ilivyo. Ni ubao mrefu wa mkaratusi, wenye gurudumu moja mbele na moja nyuma, na usukani wa mti. Haina pedali, wala cheni, wala kiti. Magurudumu huchongwa katika mti mgumu, kisha huvikwa ukanda wa mpira uliokatwa katika tairi kuukuu la gari. Juu ya ubao hupigiliwa kipande cha ndara, ili goti lisiumie: mwendeshaji huweka goti moja hapo, na kwa mguu wa pili husukuma ardhi. Breki ni kipande cha tairi karibu na gurudumu la nyuma, ambacho hukanyagwa kwa mguu. Twaweza kusema ya kwamba fundi wetu, bila kumjua Drais, alirudia kazi yake, naye akaizidi. Maana kile cha Mannheim kilimchukua bwana mmoja, lakini chukudu kubwa huchukua kilo 300 na hata zaidi.

Watu wa mjini huiona chukudu inaposhuka. Huja mbio, mzigo umepita kichwa cha mwenyewe, nao husema: “Kumbe, kazi yake ni rahisi, kilima chenyewe chamsukuma!” Lakini hawajui mambo mawili. Kwanza, katika mtelemko mzigo wa kilo 300 wataka kumkimbia bwana wake. Breki ikikatika penye kona, ataanguka na kuumia vibaya. Pili, kila mtelemko una mpando wake. Hakuna barabara ya Masisi ishukayo tu. Penye mpando mwenye chukudu hushuka chini, huinama, husukuma kwa kifua na mikono. Na mzigo ukiwa mzito mno huwaita wenzake, wakausukuma pamoja, kisha wote hurudi kusukuma wa mwingine. Na ajapo mwisho kuuza na kupumzika, kilima chote chamngoja, maana nyumba yake iko juu.

Tena njia yenyewe si ya kuaminika. Mwaka 1938 mlima Nyamulagira ulitapika moto, na mto wa mawe yaliyoyeyuka ukaikata barabara ya kati ya Goma na Sake, ukaingia ziwani. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo nao ulipasuka, moto ukapita katikati ya mji wa Goma. Lakini vita vimeikata njia mara nyingi kuliko moto wa milima. Mwaka 2024 mapigano yalipofika karibu na Sake, chakula cha Masisi kilizuiliwa, bei zikapanda sokoni Goma, na maelfu ya watu wakakimbia wakiwa na godoro na sufuria. Wengi waliokoa mali yao kidogo juu ya chukudu. Mwezi wa Januari 2025 vita vikafika Goma kwenyewe.

Ulimwengu wajua kuwaheshimu wapandao milima kwa baisikeli. Kaskazini mwa Italia, juu ya ziwa Como, kuna kanisa dogo la Bikira Maria wa Ghisallo, mwisho wa mpando mkali. Tarehe 13 Oktoba 1949 Papa Pio wa Kumi na Mbili alimtangaza Bikira Maria wa Ghisallo kuwa msimamizi wa waendesha baisikeli, na ndani ya kanisa hilo zimetundikwa baisikeli za washindi mashuhuri. Hata karibu nasi, mwezi wa Septemba 2025, mashindano ya dunia yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika. Siku ya mwisho wanaume walishindana kilomita 267 na nusu, vilima juu ya vilima, na katika 165 walioanza, 30 tu ndio waliofika. Watu walipiga makofi, na ni haki, maana jasho la mwanadamu ni jambo tukufu.

Mji wa Goma nao ulisimamisha sanamu ya mtu na chukudu yake, mwaka 2009, yenye rangi ya dhahabu. Ni vizuri. Lakini sanamu haili, wala haina watoto wa kusomesha. Twaipamba ya dhahabu, kisha twambishia yule wa nyama na damu juu ya noti mbili, baada ya yeye kuleta viazi toka mlimani! Papa Leo wa Kumi na Tatu, katika barua yake ya mwaka 1891, Rerum Novarum, alifundisha ya kwamba ujira wa mfanyakazi yapasa kumtosha kuishi kama mtu, hata kama yeye mwenyewe, kwa kubanwa na shida, amekubali kupokea pungufu.

Wakristo wapenzi, katika Njia ya Msalaba kila Ijumaa ya Kwaresima twamkumbuka Simoni wa Kirene, Mwafrika wa kaskazini, aliyetoka shambani akabebeshwa mzigo usio wake katika mpando wa Kalvari. Basi ukimkuta mtu penye kilima, ameinama nyuma ya chukudu, usipite ukimtazama. Weka mkono wako nyuma ya gunia, usukume naye hata juu. Na akikufikishia mzigo wako, mlipe siku ile ile.