Kariokor kwa herufi gani?

Mwaka wa 2011 nilimnunulia mathe jina la tovuti ya vikapu vyake. Siku hizo ushauri wa mtaani ulikuwa mmoja: weka kwa anwani lile neno mteja ataandika Google. Basi vikapu, kistari, Kariokor. Kistari, maana Google hukisoma kama nafasi. Ukitumia mstari wa chini, maneno hushikana.

Lakini Kariokor huandikwaje? Soko linajiita Kariokor, wengine huandika Kariakor, na binamu yangu wa Dar alishikilia Kariakoo. Kumbe zote ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi ambao Waingereza waliwakusanya kupigana na Wajerumani, 1914 hadi 1918. Walibeba unga na risasi kwa mgongo na kichwa. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, si kwa bunduki. Waliobaki walilitamka jina la mzungu walivyoweza, mtaa ukalichukua.

Nikajaribu. Ukiandika Kariokor, unaletewa nyama choma na viatu vya ngozi. Ukiandika Carrier Corps, makaburi. Na ni mtaa ule ule!

Septemba 2012 Google ilitangaza kwamba tovuti duni haitabebwa tena na jina tu. Mathe hakujali, wateja wake walimpigia simu. Mimi niliongeza ukurasa mmoja kuhusu wapagazi, anwani yake carrier-corps-kariokor. Mtu wa kwanza kutuandikia kupitia huo hakutaka kikapu. Alikuwa anamtafuta babu ya babake.