Kushambulia na kujilinda katika bao la kiswahili

Kushambulia na kujilinda katika bao la kiswahili ni namna mchezaji anavyopima lini ale kete za mpinzani na lini azihifadhi za kwake. Bao ni mchezo wa watu wawili unaochezwa visiwani Zanzibar, katika pwani ya Afrika ya Mashariki na bara, pamoja na miji ya Mkoa wa Morogoro kama vile Kilosa na Mikumi. Kwa kawaida huchezwa barazani au chini ya mti, watazamaji wakiwa wamewazunguka wachezaji.

Ubao na kete

Ubao una mashimo 32 katika safu 4 za mashimo 8. Kila mchezaji ana safu mbili: ya mbele, inayotazamana na ya mpinzani, na ya nyuma. Kete ni 64, mara nyingi mbegu za mkomwe.

Mwanzoni kila mchezaji huweka kete 6 katika nyumba, yaani shimo la tano kutoka kushoto kwake katika safu ya mbele. Mashimo mawili yanayofuata upande wa kulia hupata kete 2 kila moja. Kete 22 zinazobaki huingizwa moja moja katika awamu ya kwanza iitwayo namua. Zikiisha, awamu ya mtaji huanza, na wachezaji hutumia kete zilizo ubaoni tu.

Kula na kutakata

Kete huliwa katika safu ya mbele peke yake. Ili kula, kete ya mchezaji lazima iangukie shimo lake la mbele lenye kete, na shimo la mpinzani linalotazamana nalo liwe na kete pia. Tofauti na sataranji, kilicholiwa hakitoki mchezoni: mlaji husambaza kete hizo upande wake, kuanzia kichwa, yaani shimo la mwisho wa safu ya mbele.

Kula ni lazima kila inapowezekana. Asiyeweza kula hutakata, yaani husambaza kete zake bila kula.

Kupima pande mbili

Anayeshindwa ni yule ambaye safu yake ya mbele imebaki tupu, au ambaye hana tena hatua halali ya kucheza. Kwa hiyo kete za nyuma ziko salama, lakini anayezificha zote huko hupoteza mchezo. Vilevile, anayekula sana hujaza safu yake ya mbele, na kete alizozipata huwa tayari kuliwa zamu inayofuata. Shambulio moja linaweza kumpa mpinzani shabaha mpya.

Uamuzi mgumu zaidi huhusu nyumba. Ikiwa na kete 6 au zaidi, mchezaji ambaye usambazaji wake baada ya kula umeishia hapo anaweza kusimama au kwenda safari, yaani kusambaza kete zote za nyumba. Safari huweza kuleta milo kadhaa kwa mfululizo, lakini nyumba ikishavunjwa haina tena haki hiyo. Kwa upande mwingine, anayeing'ang'ania huweza kuliwa akiba yote kwa zamu moja.

Kwa kuwa kula ni lazima, mchezaji anaweza pia kujilinda kwa chambo. Huacha kete chache ziliwe ili mpinzani alazimike kusambaza mahali pasipomfaa. Mlo unaofanyika katika kichwa au shimo linalofuata, kimbi, humnyima mlaji nafasi ya kuchagua mwelekeo, kwani lazima aanze kichwa cha upande huohuo.

Katika mtaji, kulimbikiza nako kuna kikomo: shimo lenye kete zaidi ya 15 haliwezi kutumika kuanzisha mlo.

Wachezaji na utafiti

Rais wa kwanza wa Tanzania, Julius Nyerere, alijulikana kuwa mpenzi wa bao. Mtafiti Mholanzi Alexander de Voogt alichunguza umahiri wa mabingwa wa Zanzibar katika tasnifu yake ya mwaka 1995. Ugumu wa mchezo unatokana na kwamba zamu moja hubadilisha mashimo mengi kwa pamoja. Hivyo mchezaji hulazimika kuhesabu akilini si kete atakazokula tu, bali pia zitakazobaki zikimtazama mpinzani.