Kelele za Simu, Mizani ya Volti
Chuoni, kabla sijaacha, kigeuzi cha analogi hadi dijitali kilikuwa kisanduku tu ubaoni: volti inaingia, namba inatoka. Hakuna aliyetuambia kwamba hadithi yake inapitia kwenye kelele za simu.

Mwaka wa 1937, jijini Paris, Mwingereza Alec Reeves alikuwa akiumiza kichwa na simu za masafa marefu. Kila mtambo uliokuza sauti njiani ulikuza pia mikwaruzo. Akawaza: kwa nini tutume sauti yenyewe? Ipime mara maelfu kwa sekunde, utume vipimo kama mapigo ya umeme. Huko mwisho ni swali moja tu: pigo lipo au halipo? Wazo safi, lakini vifaa vya enzi hizo vilikuwa ghali mno. Mtambo wa siri wa SIGSALY, uliounganisha Washington na London mwaka wa 1943, ulikuwa na uzito wa takriban tani 50!

Leo kazi hiyo iko ndani ya mikrokontrola ya Arduino Uno, na inafanywa kama mizani ya mawe sokoni. Jiwe la kwanza ni nusu ya volti 5. Volti yako ikilizidi, linabaki; isipolizidi, linatolewa. Linafuata la robo, kisha nusu ya hilo, hatua 10, mpaka upate namba kati ya 0 na 1023. Ngazi moja ni kama milivolti 4.9. Kilicho katikati ya ngazi hakionekani.

Na hapa ndipo mimi hucheka: ukitaka kukiona, unaacha kelele kidogo iingie, unapima mara nyingi, unatafuta wastani. Kelele ileile Reeves aliyoikimbia.