Sifa na Faiba

Mashua ya mjomba ilipovalishwa faiba, aliyetoa ushauri ni mimi. Nalisema hili mwanzo ili msomaji asidhani naandika historia ya vyombo kwa kupenda tu mambo ya kale.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na nimefanya kazi miezi kadhaa kwenye karakana ya boti za watalii, kaskazini mwa Unguja. Humo nilijifunza kuchanganya resini na hadina, kukata mkeka wa nyuzi za kioo, kupiga puti na kusugua msasa mpaka jeraha la boti lisionekane tena. Mashua ya mjomba ilikuwa ya mbao, yenye umri kunishinda, na ilivuja. Kila baada ya muda alingoja bamvua aipandishe pwani, aiunguze chini kwa makuti makavu kuua wadudu, aikalafati, aipake mafuta, kisha airudishe majini. Niliona ni kazi isiyo na mwisho.

"Mjomba, tuivalishe faiba," nilimwambia. "Utapumzika kufua maji."

Alinitazama kidogo, akasema, "Wewe ndiye uliyesoma, mwanangu." Akauza mbuzi wawili, tukanunua resini.

Laiti ningejua wakati ule niliyoyasoma baadaye. Katika karne ya 1, mfanyabiashara mmoja aliyeandika kwa Kigiriki kitabu kiitwacho Periplus aliutaja mji wa Rhapta katika pwani yetu, akaeleza kuwa jina hilo linatokana na vyombo vya kushonwa. Kwa karne nyingi baadaye, mafundi wa pwani hii walitoboa mbao na kuzifunga kwa kamba za usumba, bila msumari. Mtepe, wenye tanga la mkeka, ulikuwa wa ukoo huo. Ulitoweka mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 2003 mafundi waliunda mmoja Zanzibar, ukawekwa Beit al-Ajaib ili watu wauone.

Wageni walivitazama vyombo hivi kwa macho tofauti. Marco Polo aliviona Hormuz katika karne ya 13, vimeshonwa na kupakwa mafuta ya samaki badala ya lami, akaviona vibovu na vya hatari. Lakini Ibn Jubayr, aliyepita bandari ya Aydhab katika Bahari ya Shamu mwaka 1183, aliandika sababu ya mafuta yale. Alisema yaliyo bora ni ya papa, na kwamba hupakwa ili mbao zilainike, kwa kuwa bahari ile imejaa miamba. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, naye alieleza kwamba chombo cha misumari kikigonga mwamba huvunjika, na cha kamba hunyumbulika.

Mafuta hayo ya papa ndiyo sisi tunayoyaita sifa. Misumari ilipochukua nafasi ya kamba, sifa haikuondoka, wala wazo lake halikuondoka. Fundi anapokalafati husokota pamba, akailowesha mafuta, akaipigilia kwa patasi butu katika mwanya kati ya ubao na ubao. Mwanya hauzibwi kabisa. Chombo kikishushwa, mbao hunywa maji, hufura na kuibana pamba. Siku ya kwanza kitavuja; siku ya pili kitavuja kidogo; baadaye kitatulia. Chini hupakwa shahamu, mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa. Chombo kizima kimetengenezwa kikitarajiwa kucheza.

Faiba ilizaliwa mbali na haya yote. Nyuzi za kioo zilianza kutengenezwa kwa wingi huko Ohio, Marekani, katika miaka ya 1930, na mwaka 1942 Ray Greene wa Toledo, mji ulio kando ya ziwa Erie, aliunda mashua ndogo ya tanga kwa nyuzi hizo na resini ya poliesta. Lilikuwa wazo jipya kabisa: chombo kisicho na mwanya hata mmoja, kipande kimoja kama bakuli. Kikitoboka, fundi husaga kingo za tundu zipungue unene taratibu, husafisha vumbi na mafuta, kisha hupanga mkeka juu ya mkeka. Resini huchemka yenyewe, huganda, na kiraka hushikana na mwili wa boti. Kwa boti ya faiba, hiyo ndiyo tiba yake, na bado naifanya.

Kosa langu lilikuwa kuipeleka tiba hiyo kwenye mwili mwingine. Poliesta huganda ikawa ngumu, lakini ubao hufura na kusinyaa kila siku. Tena poliesta haishiki vizuri mbao zenye unyevu, na mashua ya mjomba tuliianika wiki mbili tu. Zaidi ya yote, mbao zile zilikuwa zimenyweshwa sifa kwa miaka mingi. Nilizisugua msasa mpaka zikang'aa, lakini mafuta hayakuwa juu, yalikuwa ndani.

Miezi minne ya kwanza haikuingia hata tone, na mjomba alinisifu barazani mbele za watu. Ikaja masika. Maji ya chumvi huchelewesha kuoza kwa mbao. Ya mvua huharakisha. Mvua iliteremka ndani ya mashua, ikapenya kwenye mbao, ikakwama kati ya ubao na faiba isipate pa kutokea. Tulipoipandisha pwani mwaka uliofuata, fundi mmoja mzee alitia kisu pembeni, akavuta. Faiba ilibanduka kama ganda la chungwa, upande mzima. Chini yake mbao zilikuwa nyeusi, na kidole kiliingia. Na harufu ya sifa ilitoka, ile ile, kama vile imepakwa jana.

Mjomba hakunigombeza. Aliuliza tu mbao ngapi zinafaa kuokolewa. Zilikuwa tisa, na hazikutosha. Mabaharia wake watatu walihamia vyombo vya watu wengine. Yeye alimaliza uvuvi wake kwenye ngalawa ya kukodi.

Siku hizi wanaokuja karakanani na chombo cha mbao nawauliza kwanza kimepakwa nini, na tangu lini. Wakijibu sifa, nawapeleka kwa yule fundi mzee. Baadhi huudhika, wanasema ninakataa pesa. Hunikuta nimeshika brashi ya resini, nao hawaelewi kwa nini ninawaelekeza kwa mtu mwenye pamba na patasi.