Mkono Mmoja Haulei Mwana: Gharama za Mtoto Mchanga huko Rurambo, Jana na Leo

Siku hizi bibi akikaribia kuzaa, bwana anaanza kuhesabu franga: layeti, beseni, sabuni, Pampers, biberoni, maziwa ya kopo. Mtu wa Rurambo anashuka mlima mpaka Uvira, anauliza bei sokoni, kichwa kinamuuma. Wazee wanamcheka: «Ninyi tuliwalea bila franga hata moja!» Je, ni kweli? Tuangalie historia.

Rurambo iko milimani, juu ya bonde la Ruzizi. Kule Wanyamulenge wanachunga ng'ombe na Wafuliiru wanalima. Zamani mtoto alibebwa mgongoni kwa ngozi laini ya kondoo, ile Wanyamulenge wanaita ingobyi. Ngozi moja ilibeba kifungua mimba, kisha ikabeba wadogo wake. Kikwembe kilipoenea, kikashika nafasi yake: kikiwa kipya mama alikivaa, kikizeeka kilibeba mtoto, kikichakaa kabisa kilikatwa vipande vya kumfungia. Hakuna kilichotupwa.

Chakula cha mtoto kilikuwa ziwa la mama, miaka miwili hata zaidi. Na mama mzazi mwenyewe alilishwa na wengine. Kutembelea mzazi na zawadi ya chakula kunaitwa guhemba kwa lugha ya wafugaji. Huyu analeta maziwa, yule uji wa mtama, mwingine kuni. Leo nakuletea wewe, kesho nikizaa utaniletea. Hiyo ndiyo ilikuwa benki yetu.

Basi maziwa ya kopo yalitoka wapi? Mwaka 1894, huko Fécamp, Ufaransa, daktari Léon Dufour alifungua nyumba ya kugawia watoto maziwa safi, iliyoitwa «Goutte de lait», maana yake tone la maziwa. Wabelgiji walileta mfano huo Kongo. Lakini hapa kulikuwa na sababu nyingine tena: waliogopa kukosa wafanyakazi. Waliona mama anayenyonyesha muda mrefu anakawia kubeba mimba nyingine, wakataka watoto waachishwe ziwa mapema. Katika miaka ya 1920 Union Minière huko Katanga iliweka vituo vya watoto wachanga kwenye kambi za wafanyakazi wake. Polepole biberoni ikawa alama ya mama aliyeendelea.

Alama hiyo ilitugharimu. Mwezi wa kumi 1993 zaïre mpya moja ilichukua nafasi ya zaïre milioni 3 za zamani. Pesa ilikuwa imekufa mikononi, na mama aliyetegemea kopo alibaki na kopo tupu. Wengine waliongeza maji ili maziwa yadumu, mtoto akaharisha na kukonda. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kupitisha kanuni za kuzuia matangazo ya maziwa hayo kwa wazazi. Sayansi ilirudi pale wazee walipokuwa.

Hata hivyo tusiwasifu wazee kupita kiasi. Kusema malezi hayakuwa na gharama ni kusahau nani alilipa. Alilipa mama aliyelima na mtoto mgongoni. Alilipa dada mdogo aliyebaki nyumbani kulea wakati kaka zake wanakwenda shule. Franga hazikutoka mfukoni mwa baba, lakini gharama ilikuwepo.

Na leo? Toka 2019 vita vya milimani vimechoma vijiji vingi na kunyang'anya ng'ombe. Wengi walikimbilia Uvira, wengine Burundi. Mama anazaa katikati ya watu asiowajua. Nani atamletea uji? Hapo ndipo tunapoona kwamba hasara kubwa kuliko zote ni kupoteza majirani.

Kwa hiyo, kubana matumizi si kazi ya bibi peke yake. Mtoto anyonye ziwa tu miezi sita. Kisha apewe uji wenye unga wa ndagala, ambazo ziwa letu Tanganyika linatupa, huku akiendelea kunyonya. Nguo ndogo zipitishwe kwa mwenye mimba jirani, bila haya. Wamama wenye mimba wafanye likelemba: kila juma kila mmoja aweke kidogo, na zamu ya kupokea ifuate mwezi wa kuzaa. Baba naye achote maji, afue vitambaa, na binti aende shule.

Hiyo ndiyo guhemba ya leo. Mkono mmoja haulei mwana, lakini tusisahau kuuliza kila siku: ni mkono wa nani unaochoka?