Nani Alilipa Kampanye? Historia ya Michango Midogo Wakati wa Korona



Katika kaye ya michango ya shirika letu, kurasa za mwaka 2020 ni fupi kuliko zingine zote. Machi mwaka ule Korona iliingia Kongo. Tarehe 24 Rais Tshisekedi alitangaza hali ya dharura, na mpaka wetu na Rwanda ukafungwa. Mama aliyezoea kuvuka Petite Barrière asubuhi na kurudi jioni na mboga za kuuza alibaki nyumbani. Na Ebola ilikuwa bado haijatuacha: ilitangazwa kumalizika tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua zaidi ya watu 2,200 huku mashariki. Lakini hata kurasa zile fupi zina majina, na mbele ya kila jina kuna namba: franga 500, franga 1,000, mara moja moja 2,000.

Wakati ule wengi wetu tulisaidiwa na ndugu walioko Marekani. Mwaka 2018, 2019 na 2020 Wakongo ndio waliokuwa kundi kubwa kuliko yote kati ya wakimbizi waliopokelewa kule, kwa hiyo karibu kila familia ya shirika hili ina mtu wake upande ule. Katika kuongea nao kwa simu, wengine walituambia jambo lililotushangaza. Mbali na pesa ya kutuma nyumbani, walikuwa wanatoa dola 5 au dola 10 kwa mtu anayetafuta kiti cha bunge. Tukawauliza: "Yaani wewe njo unamupa mukubwa franga? Si yeye njo angekupa?"

Tulicheka, lakini swali lilibaki. Tumeona vizuri tueleze historia yake hapa, kwa sababu inagusa kaye yetu na inagusa uchaguzi wetu pia.

Kwetu pesa ya kampanye inatoka juu na kushuka chini. Desemba 2023 sote tuliona: tisheti, kitenge, chumvi, sabuni, na franga kidogo kwa motari ili azunguke mjini na bendera. Anayetaka kugombea lazima kwanza alipe dhamana isiyorudishwa. Kwa urais dhamana ile ni franga milioni 160. Akishashinda, anaona amekwisha kulipa deni lake kwa wapiga kura, sasa ni zamu yake kurudisha mtaji. Na sisi tuliokula chumvi yake tunasikia haya kumuuliza barabara iko wapi.

Marekani nako matajiri wanatoa pesa nyingi sana kwa wanasiasa. Ila kando ya njia ile kuna nyingine. Sheria yao inaruhusu raia, na pia mgeni mwenye kibali cha kuishi kule moja kwa moja, kumchangia mgombea. Asiye na kibali hicho amekatazwa. Mwaka 2020 mtu mmoja hakuruhusiwa kumpa mgombea wa bunge la taifa zaidi ya dola 2,800 kwa kila duru ya uchaguzi, na akishapitisha dola 200 jina lake linaandikwa kwenye hesabu ambazo kila mtu anaweza kuzisoma. Mwaka 2004 ulianzishwa mtandao wa ActBlue, unaokusanya michango ya chama cha Democratic kwa simu au kompyuta, hata dola 1. Mwaka 2016 Seneta Bernie Sanders alitafuta urais kwa njia hiyo, akawa anarudia kwenye kila mkutano kwamba mchango wa wastani kwake ni dola 27. Hakushinda, lakini wagombea wa bunge waliofuata mawazo yake walijifunza kwake. Watu hawa kule wanaitwa wapenda maendeleo: wanataka matibabu kwa kila mtu, mshahara wa kutosha, na nyumba ambazo maskini anaweza kuzilipia.

Kisha ikaja Korona. Mikutano ilikatazwa, hakuna kugonga mlango wa mtu, hakuna kushikana mikono. Mamilioni walipoteza kazi. Mtu angefikiri michango midogo ingekufa, maana nani atatoa dola 10 kwa siasa wakati hana kodi ya nyumba? Machi 2020 watu wa Sanders waliwaandikia wachangiaji wao, safari hii si kuomba pesa ya kampanye, bali pesa ya mashirika ya misaada, kama lile linalopelekea wazee chakula na lile linalotetea wafanyakazi wa majumbani. Katika siku 2 zilipatikana zaidi ya dola milioni 2. Huko Queens na Bronx, jijini New York, ambako ugonjwa ulipiga sana, watu wa kampanye ya mbunge Alexandria Ocasio-Cortez waliwapigia wakaaji simu kuwauliza hali na kuwapelekea chakula. Orodha za majina zilizotengenezwa kwa ajili ya siasa zilianza kufanya kazi ambayo sisi tunaiita mshikamano.

Mfano ulio karibu zaidi na sisi ni wa Ilhan Omar. Alizaliwa Mogadishu mwaka 1982. Vita vya Somalia vilipoanza, familia yake ilikimbia, akakaa miaka 4 katika kambi ya wakimbizi ya Utange, karibu na Mombasa. Tuliokaa Nyarugusu au Nakivale tunajua maana ya miaka 4 ya kupanga mstari wa maji. Mwaka 1995 walipokelewa Marekani, wakakaa baadaye Minneapolis, katika jimbo la Minnesota. Mwaka 2018 alichaguliwa kuwa mbunge.

Mwaka 2020 alirudi kuomba kura, na mwaka ule ulimjia kwa uzito. Tarehe 25 Mei polisi walimuua George Floyd mjini humo humo, katika eneo lake la uchaguzi. Tarehe 15 Juni baba yake, mzee Nur, alikufa kwa Korona. Wakati ule ule mpinzani wake ndani ya chama, mwanasheria Antone Melton-Meaux, alikuwa anakusanya pesa nyingi. Kati ya Aprili na Juni alipata karibu dola milioni 3.2, Ilhan karibu dola 471,000. Hesabu ya pesa ilikuwa inasema kazi imekwisha. Tarehe 11 Agosti kura zilipohesabiwa, Ilhan alipata karibu asilimia 58, mpinzani wake karibu asilimia 39.

Ilhan hakuwa peke yake. Tarehe 4 Agosti, mjini St. Louis, Cori Bush, muuguzi ambaye zamani aliwahi kulala ndani ya gari pamoja na watoto wake kwa kukosa nyumba, alishinda kiti ambacho baba na mtoto wa familia moja walikikalia tangu 1969. Mjini New York mwalimu mkuu wa shule, Jamaal Bowman, alimshinda mbunge aliyekuwa amekaa bungeni tangu 1989. Wote wawili walibebwa na watu wa kujitolea na wachangiaji wadogo.

Hatutaki lakini kuwauzia hadithi tamu tu.

Kwanza, mchango mdogo hauna dini wala chama. Chama cha Republican nacho kilianzisha mtandao wake, WinRed, mwaka 2019. Mwaka 2020 wafuasi wengi wa Donald Trump walijikuta wanakatwa pesa kila wiki bila kuelewa, juu ya kisanduku kidogo kwenye fomu kilichokuwa tayari kimewekwa alama. Mamilioni ya dola yalibidi yarudishwe. Maskini anaweza kuibiwa kwa dola 10 sawasawa na tajiri kwa elfu kumi.

Pili, anayepewa na wadogo lazima naye aulizwe. Ilhan alilaumiwa sana juu ya pesa nyingi za kampanye yake kulipwa kampuni ya mume wake iliyokuwa inafanya kazi ya matangazo. Yeye alisema ni halali. Lakini Novemba 2020, baada ya kushinda, alitangaza kwamba anakata mkataba ule, ili waliomchangia wasiwe na mashaka. Watu walijua habari hii kwa sababu hesabu ziko wazi.

Tatu, pesa kubwa inarudi. Mwaka 2024 Bowman alishindwa mwezi wa Juni na Bush mwezi wa Agosti, ndani ya chama chao wenyewe. Kundi linalofungamana na AIPAC, shirika linalotetea uhusiano wa Marekani na Israeli, lilitumia zaidi ya dola milioni 14 katika uchaguzi wa Bowman na zaidi ya milioni 8 katika ule wa Bush. Ilhan alishinda tena. Basi michango midogo inafungua mlango, lakini haimhakikishii mtu kwamba atabaki ndani.

Wengine watasema: hayo ni ya Wamarekani, wenye dola. Hapana. Jirani zetu Tanzania walifanya hivyo zamani. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Miezi michache baadaye ilihitaji kumpeleka Julius Nyerere New York, na tarehe 7 Machi 1955 alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kusema kwamba nchi yake itajitawala. Nauli ile ilichangwa. Watu walinunua kadi za chama kwa shilingi zao chache, na wanawake waliohamasishwa na Bibi Titi Mohamed waliingia kwa wingi. Nyerere aliporudi, alikuwa na watu wa kuwaeleza safari ilivyokwenda, kwa sababu safari ilikuwa yao.

Na hapa kwetu Kivu? Mwaka 2023 vikundi vya wanawake vilichangisha pesa kwa ajili ya dhamana ya Daktari Denis Mukwege wa Panzi alipogombea urais. Matokeo yalipotangazwa, hakufika hata asilimia 1. Wengi walicheka wale mamas. Sisi hatucheki. Walifanya jambo ambalo ni geni katika siasa yetu: walimpa mgombea, hawakungojea kupewa. Desturi ya namna hiyo haishiki katika uchaguzi mmoja.

Tena, Desemba ile ile ndugu zetu wengi wa Masisi na Rutshuru hawakupiga kura kabisa, juu ya vita. Ni nyumbani kwa wengi kati ya wanachama wetu. Waliorudi kutoka Uganda au Tanzania wakakuta mashamba yamekaliwa, na baadaye wengine walikimbia tena hadi Kanyaruchinya na Bulengo, hawana mbunge waliyemchagua wa kumpelekea shida yao. Wakati kura itawafikia, atakuja mtu na chumvi na kitenge. Tungependa siku ile wawe wamekwisha kuzoea kuuliza: hii pesa imetoka wapi, na wewe utamjibu nani?

Shirika letu halina chama, na sanduku la mshikamano halitatoa hata franga 1 kwa mwanasiasa yeyote. Mwanachama akitaka kumchangia mtu, afanye kwa mfuko wake. Lakini kuzoea kuuliza tunaweza kuanzia humu ndani. Mwenye kutoa franga 500 ana haki sawa ya kuona kaye na mfadhili wa dola 500. Mwaka 2020, wakati hatukuweza kukutana, tuliacha kusoma hesabu kwa sauti kwa miezi kadhaa, na ni miezi ile ile ambayo manung'uniko yalianza, na wanachama wengine wakaacha kutoa. Pesa haikuwa imepotea, ila hakuna aliyeiona. Kosa lile lilikuwa letu.

Kwa hiyo katika mkutano ujao mweka hazina atasoma kaye yote, jina kwa jina, mapato na matumizi, pamoja na pesa iliyotumwa na marafiki wa nje. Kila mtu atauliza anachotaka, na atajibiwa hapo hapo. Tunaomba wanachama mfike wote, hata wale ambao mwezi huu hawana cha kutoa.